Naomba ushauri: kozi fupi ya ufundi wa chipu au diploma kamili?

Habari zenu wakuu. Niko Phoenix, Arizona, nafanya kazi ya ghala, na nataka kuhamia ufundi wa viwanda vya chipu za kompyuta na simu. Kampuni za chipu, TSMC na Intel, zinajenga viwanda hapa Arizona, zikisaidiwa na sheria ya Marekani iitwayo CHIPS aliyoisaini Biden Agosti 2022, iliyotenga dola bilioni 39 za ruzuku kwa viwanda. Vyuo vya umma vya Maricopa, vya hapa Phoenix, vina kozi fupi ya siku 10, ila nahofia cheti chake kitaniishia mlangoni. Nina watoto, siwezi kubahatisha. Mlioko ndani ya viwanda hivyo, niichukue hiyo kwanza au nikomae na diploma ya miaka miwili? Na zamu za saa 12, mwenye familia anazimudu?