Kipimamvua kinasoma kidogo kuliko mvua inayonyesha. Nirekebishe sasa au nisubiri msimu uishe?

Msoma Mvua (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Mimi ni mkulima huku Urambo, Tabora, na huu mwaka wa nne ndiye ninayesoma kipimamvua cha kijiji. Kimesimikwa uani kwangu. Kila siku saa tatu asubuhi nakifungua, namimina maji kwenye gilasi ya kupimia, nasoma alama, naandika kwenye daftari. Sijaruka hata siku moja. Siku ya msiba wa mama yangu nilitoka chini ya turubai, nikaenda kusoma, nikarudi kukaa na wafiwa.

Shida ni hii: tangu katikati ya Desemba naona namba zinazotoka ni ndogo. Mvua inapiga usiku mpaka mfereji wa barabarani unafurika, asubuhi nasoma 4 au 5. Je, nirekebishe sasa hivi, au niache mpaka Mei ili namba za msimu mzima zifanane? Mimi naona kubadilisha katikati kutavuruga hesabu. Karatasi ya Januari naituma Jumatatu. Naombeni ushauri, silali vizuri.

Mgunda Mbichi

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa hapa najifunza.

Asali ya Miombo

Mkuu, hapo uani hakuna mti? Sisi watu wa Tabora kila ua una mwembe. Kama kipimamvua kiko karibu na mwembe, mchawi ni huyo. Matawi yanakinga mvua ikija na upepo. Kisogeze mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Mimi binafsi nyuki ndio walionifundisha mvua. Nina mizinga kule Sikonge. Wingu likiwa bado mbali, utawaona wanarudi kwa kusukumana mlangoni, na anayetoka hayupo. Nikiona hivyo nakunja turubai langu. Baba yangu alinionyesha hilo nikiwa na miaka saba hivi, na hadi leo nalitegemea kuliko redio.

Msoma Mvua

Asante kaka. Mwembe upo ila uko mbali, hatua 30 hivi. Na ulikuwepo miaka yote minne.

Mjukuu wa Karanga

Mleta uzi, usidharau jambo hilo hata kidogo. Urambo yenu hiyo ina historia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, reli, mamilioni ya pauni. Kufika 1951 umefutwa. Kongwa mvua ikawagomea, na udongo ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hazing'oki. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye kung'oa visiki hapo Urambo. Alikuwa akisema wazungu walileta kila chombo isipokuwa subira ya kuijua mvua ya mahali. Kwa hiyo wewe unayekaa na daftari miaka minne, kazi yako ni kubwa. Endelea.

Mwangalizi Mstaafu

Kijana wangu, nimefanya uangalizi wa hali ya hewa miaka 31, vituo vitatu tofauti. Achana na mwembe kwanza. Kifaa kilichosoma sawa miaka mitatu na nusu hakianzi kudanganya chenyewe. Nijibu mawili tu:

Katikati ya Desemba kulibadilika nini? Na mdomo wa faneli yako una upana gani, ukingo hadi ukingo?

Msoma Mvua

Shikamoo mzee. Mdomo nimeupima sasa hivi kwa rula ya mtoto, sentimita 12.7.

Kilichobadilika ni kitu kidogo. Tarehe 14 Desemba gilasi iliteleza mkononi ikavunjika. Nikapanda basi hadi Tabora mjini, duka la vifaa vya shule na maabara, nikapata nyingine. Ni gilasi ya kupimia mvua kabisa, alama zake ni za milimita, inaishia 10. Kwa hiyo sidhani kama tatizo ni hapo.

Mwangalizi Mstaafu

Marahaba. Tatizo ni hapo hapo.

Gilasi ya mvua haipimi kama kikombe. Inaoana na mdomo wa faneli yake. Faneli pana inakusanya maji mengi, kwa hiyo alama ya milimita 1 kwenye gilasi yake inahitaji maji mengi. Faneli nyembamba, maji machache. Vya kawaida ni viwili: mdomo wa inchi 5, ambao ni wako, na mdomo wa inchi 8, sentimita 20.3. Naona umeuziwa gilasi ya inchi 8. Kila unachosoma kinapungua zaidi ya nusu.

Dada wa Isevya

Mzee ameeleza vizuri. Mimi kuna kitu kinanisumbua, kaka yangu usinichukie. Mtu akigundua mzani wake mbovu hasemi "ngoja niuze nao mpaka mwisho wa msimu". Wewe kwa nini unataka kusubiri Mei? Na umejuaje kwamba namba ni ndogo? Kuona mfereji umejaa hakumnyimi mtu usingizi.

Ujiji Mwisho wa Reli

Huku Kigoma ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 hatukuhitaji gilasi. Maji yalikuja yenyewe hadi mlangoni, tukahama na vitanda. Shangazi yangu aliweka alama ya mkaa ukutani kila Jumapili, na alama ile bado ipo. Poleni na mvua, ndugu zetu wa Tabora.

Mgunda Mbichi

Mleta uzi kaingia mitini. Swali la dada limemkuta.

Msoma Mvua

Sijaingia mitini, nilikuwa natafakari niandike vipi.

Dada, nitasema. Chama chetu cha msingi kiliingia bima ya mvua. Makubaliano ni kwamba kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, mvua ya kipimamvua chetu ikiwa chini ya milimita 100, wakulima tuliojiandikisha tunalipwa. Hadi leo tarehe 30 jumla yangu ni 61.

Nilivyojua: binti yangu yuko darasa la sita, mwalimu aliwaambia watege mvua nyumbani. Akachukua kopo tupu la rangi, lile lililonyooka kuta, akaliweka uwanjani peupe. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mvua ikanyesha kweli. Asubuhi akachomeka rula ndani ya kopo: milimita 31. Mimi siku hiyo nilijaza gilasi hadi 10, nikamwaga, nikamimina iliyobaki ikasoma 2.1. Jumla 12.1. Nikamwambia umekosea, kopo si kipimo. Akafuta 31 kwenye daftari lake la shule akaandika 12. Ile kufuta kwake ndiyo inayoninyima usingizi.

Lakini naomba mnielewe. Kuanzia tarehe 8 hadi 26 Januari hatukupata hata tone. Siku 19. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, yakajikunja majani kama sigara. Eneo langu la ekari mbili nimepoteza zaidi ya nusu. Hasara ni ya kweli. Sikuivunja gilasi makusudi na gilasi mpya sikuichagua. Kama kosa la gilasi limetusogeza kwenye haki yetu, kuna ubaya gani kuacha mpaka Mei?

Mgunda Mbichi

Tuma hiyo 61 mkuu. Ukame ulikuwepo au haukuwepo? Ulikuwepo. Basi. Mkulima wa nchi hii ni lini aliwahi kupata upendeleo?

Asali ya Miombo

Hapana, hapo sikubaliani. Kuna watu watakaotumia daftari hilo miaka 20 ijayo kuamua wapande nini. Utawaachia ukame ambao haukuwa hivyo.

Mama Pili Nzega

Kaka, umemfundisha mtoto kufuta ukweli. Bima itapita, hilo litabaki. Nimeumia kusoma, maana mimi ni mwalimu.

Chuma cha Reli

Wakuu, mnakunywa chai bila sukari. Hii hadithi ni ya kutunga. Mtu anasoma mvua miaka minne hajui upana wa faneli yake? Eti mtoto wa darasa la sita anamshinda? Kwanza alisema hajui sababu, halafu gilasi ikavunjika, halafu ikaja bima. Kila akibanwa kinazaliwa kipande kipya. Na gilasi ya inchi 8 dukani Tabora ilitoka wapi? Mods fungeni uzi.

Mjukuu wa Karanga

Bima za mvua zipo, ndugu, hilo si la kutunga. Ila na mimi nimeanza kupata wasiwasi na mtoto na kopo. Limekaa vizuri mno.

Mama Pili Nzega

Kopo lililonyooka kuta ni somo tunalofundisha kabisa. Kina cha maji ndiyo milimita yenyewe, upana hauna shida. Ndoo ndiyo haifai kwa sababu inapanuka juu.

Chuma cha Reli

Nasema chai. Alete picha ya daftari.

Mwangalizi Mstaafu

Picha haina haja, itaonyesha majina ya watu. Kuna njia ambayo mtunga hadithi hawezi kuibahatisha. Kijana wangu, nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la ml 10, lisilo na sindano. Jaza gilasi hiyo kwa bomba, ukihesabu, hadi alama ya 10. Njoo utuambie mabomba mangapi. Nyote nyamazeni mpaka arudi.

Msoma Mvua

Mzee nimerudi. Nimefanya mara mbili, binti ndiye aliyekuwa anahesabu. Mabomba 32 yalifika chini kidogo ya mstari. La 33 halikuisha, tumetumia kama nusu yake.

Mwangalizi Mstaafu

Hiyo ni ml 324 hivi. Faneli ya inchi 5 ikinyeshewa milimita 10 inakusanya ml 127. Ya inchi 8 inakusanya ml 324. Gilasi ni ya inchi 8, na mtu huyu anayo mkononi.

Sasa sikiliza. Hujapoteza kitu. Maji uliyapima yote, ulisoma tu kwa lugha ya faneli nyingine. Kila namba tangu 14 Desemba izidishe kwa 2.56. Ile 12.1 inakuwa 31. Namba ya binti yako. Na jumla yako ya 61 inakuwa 156.

Usifute za zamani. Piga mstari mmoja ili zisomeke, andika sahihi pembeni, na chini andika sababu na tarehe ya gilasi kuvunjika. Na zile siku 19 zidishe pia. Sifuri mara 2.56 ni sifuri. Huko ndiko hasara yako ilipo, na hakuna gilasi inayoweza kuigusa. Milimita 156 zikinyesha kabla na baada, mahindi yakiwa kwenye mbelewele hayajui habari hiyo. Soma makubaliano, yanahesabu jumla tu au na siku kavu mfululizo?

Chuma cha Reli

Mzee nimekuelewa. Mleta uzi, neno chai nalirudisha. Samahani sana.

Dada wa Isevya

Kaka, 156 ni zaidi ya 100. Najua unachopoteza hapo. Pole.

Msoma Mvua

Nimetoka kwa katibu wa chama. Tumesoma karatasi yote kwa tochi ya simu. Inataja jumla tu. Siku kavu haimo.

Amekasirika, amesema kwa nini nilikwenda kuhesabu mabomba. Nimemwambia karatasi ya Jumatatu itakwenda na 156, na nyuma yake nitaandika siku 19 moja moja, tarehe na sifuri yake, na barua ya kuomba msimu ujao siku kavu ziingie kwenye makubaliano. Bwana shamba amekubali kuja kesho kuangalia mashamba na kutia sahihi. Kama tutapata chochote sijui. Wapo watakaoninunia, nao wana haki ya kuumia, wameungua kama mimi.

Mzee, nitumie hii gilasi na kuzidisha, au nitafute nyingine?

Mwangalizi Mstaafu

Tafuta ya inchi 5. Kuzidisha kila siku, ipo asubuhi utasahau. Mpaka uipate, andika safu mbili: kilichosomwa, na kilichosahihishwa.

Mama Pili Nzega

Na binti?

Msoma Mvua

Nimemwita jioni hii na daftari lake la shule. Ile 31 aliifuta kwa raba lakini kovu la penseli bado linaonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Nimemwambia baba alikosea, gilasi haikuwa ya kwetu. Ameniuliza aandike kwa penseli au kwa peni. Nimempa peni yangu ya daftari la mvua.