Eti ziwa ndilo lililomfuata yeye!

Mama wa Vichanja (mwanzisha uzi)
Wana Kigoma wenzangu, ninaandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira, kwa sababu asubuhi ya leo nimeambiwa neno ambalo sijapata kuambiwa tangu nizaliwe kando ya Ziwa Tanganyika. Yule bwana wa ukuta hana haja ya kutajwa. Ninyi nyote mnamjua. Hata dagaa wanamjua, maana siku hizi inawabidi wauzunguke ukuta wake.

Nilikwenda ofisini kuuliza swali moja tu, tena kwa adabu: imekuwaje sisi wanawake tunaoanika dagaa tupewe notisi ya kung'oa vichanja kwa kuwa viko ndani ya mita 60 kutoka majini, ilhali bwana huyo ameshusha mawe na zege hadi mawimbi yanaupiga ukuta wenyewe? Afisa alinitazama, akafunga faili, akasema: "Mama, yeye hakulifuata ziwa. Ziwa ndilo lililomfuata."

Ziwa ndilo lililomfuata! Ni kweli kwamba maji yalipanda, na mwaka 2020 na 2021 sote tuliona yalivyomeza fukwe na nyumba za watu. Lakini msingi wa ukuta huu umechimbwa kiangazi hiki hiki. Niliwaona mafundi, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakipokezana karai za zege huku mawimbi yakiisomba saruji kabla haijashika, na tope la kijivu likitanda juu ya mawe ambako samaki wadogo hulisha na kuzaliana. Halafu ninaambiwa ziwa ndilo lililomfuata, kana kwamba maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,400 yaliamka usiku, yakashika njia, yakapiga hodi kwake!

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60. Kichanja changu ni miti na wavu, ninaweza kukihamisha kabla ya adhuhuri. Ukuta ule utahamishwa na nani?

Mjukuu wa Nahodha
Pole sana, dada. Sisi wenye mitumbwi tulikuwa tukiegesha hapo hapo, na leo mlinzi anatuuliza tunakwenda kwa nani. Ninakwenda ziwani, ndugu yangu, ninakwenda kwa nani tena?

Fundi Mstaafu
Mama wa Vichanja, hasira yako imechelewa. Msingi ulipochimbwa mlikuwa mkiwauzia mafundi wale chakula kila mchana, na sikusikia hata mmoja wenu aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkishashiba fedha za ujenzi ndipo mnakumbuka samaki.

Mama wa Vichanja
Kaka, niliwauzia mafundi wali. Sikumuuzia mtu ziwa. Mwenye kazi ya kukagua kibali cha ujenzi analipwa mshahara, na mtu huyo ndiye aliyenitazama usoni akaniambia kwamba ziwa ndilo lililomfuata.

Mwalimu wa Gungu
Wenzetu wa Burundi, katika sheria yao ya maji ya mwaka 2012, walitenga mita 150 kando ya ziwa hili hili. Sisi hata 60 zinatushinda.

Fundi Mstaafu
Na mita 150 hizo zilimzuia nani, mwalimu? Watu walijenga Bujumbura ndani ya eneo hilo, na maji yalipopanda nyumba zikazama. Upana wa mita si kitu ikiwa hakuna anayekwenda kupima.

Jirani wa Mtaro
Mnahangaika na ukuta, ambao angalau haunuki. Huku kwetu kuna nyumba ya wageni inayomwaga maji ya chooni ziwani, hatua chache kutoka mahali wanapochota maji watoto wetu. Afisa alikuja, akapiga picha, akapewa soda, akaondoka.

Binti wa Marehemu
Heri yenu mnaozungumzia mali za watu. Nyumba aliyotuachia baba imepigwa alama nyekundu ya X, ingawa aliijenga miaka mingi kabla ya sheria hiyo ya 2004, na kila ofisi ninayokwenda naelekezwa ofisi nyingine. Mwenye kujua kama tuna haki ya fidia anisaidie.

Mjukuu wa Nahodha
Dada, tafuta kwanza karatasi za mzee, hasa barua ya kupewa kiwanja, kabla hujamwona wakili. Jirani wa Mtaro, nyumba hiyo ya wageni ni ile yenye bati la buluu?

Jirani wa Mtaro
Hiyo hiyo.

Mjukuu wa Nahodha
Basi bomba lake la pili linatokea kwetu.