MREJESHO: Tanga au Mji Mkongwe kwa siku tatu
Wakuu, mtakumbuka niliuliza: mapumziko ya siku tatu kutoka Dar, mimi na mama watoto twende Tanga au Mji Mkongwe, Zanzibar? Wengi mlisema Tanga. Tulienda, na ahsanteni sana.

Aliyesisitiza basi la alfajiri alituokoa. Jioni tulikuwa Raskazoni tunapunga upepo. Mapango ya Amboni yalimkosha mwenzangu kuliko chochote (vaeni viatu vya kufunga, ndani kunateleza).

Kilichofeli ni magofu ya Tongoni. Tuliyaacha hadi siku ya mwisho, mvua ikapiga asubuhi nzima na tiketi za kurudi tulishakata. Anayefuata aanze nayo.

Mji Mkongwe tumeuweka kiporo, nauli ya boti ikiruhusu.