Rekodi za ukaguzi wa rangi za meli: tukiacha daftari, namba zitakuwa za nani?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, hasa ninyi mnaoingia matangini kila siku. Msukumo wa sasa ni kwamba ukaguzi wa rangi za kinga melini uhamie wote kwenye vifaa vya kidijitali: kipimo cha unene kitume namba chenyewe kwenye kishikwambi, picha ziingie hapo hapo, ripoti ijiandae, daftari liwekwe kando. Naunga mkono, tena kwa nguvu. Ila nina sharti moja ambalo sisikii likisemwa: namba ghafi zote, kama zilivyotoka kwenye kipimo, ziwe mali ya meli na zikae melini. Hilo likikosekana, heri tubaki na daftari.

Kwa wasio wa fani hii: tangi la balasti ni lile linalojazwa maji ya bahari ili meli isiyo na shehena itulie. Huko ndiko kutu inakoila meli bila mtu kuiona. Meli ya mafuta Erika ilipokatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa Desemba 1999, wachunguzi walikuta kutu ilikuwa imeudhoofisha muundo wake. Desemba 2006 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likapitisha kiwango cha rangi za matangi ya balasti kwa meli mpya. Lengo ni rangi ikae miaka 15 ikiwa bado katika hali nzuri. Rangi ya epoksi inatakiwa iwe na unene wa mikroni 320, yaani milimita 0.32: asilimia 90 ya vipimo vifike hapo au zaidi, na katika vile vilivyobaki kisiwepo hata kimoja kilicho chini ya 288. Chumvi juu ya chuma isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba. Yote hayo huingia kwenye faili la kiufundi la rangi, na faili hilo linatakiwa kubaki melini maisha yake yote.

Maana yake kiwango kizima kinategemea namba alizoandika mtu mmoja, amepiga magoti gizani, tochi mkononi.

Niliwahi kukabidhiwa karatasi za tangi moja: 330, 325, 340, 335. Ukurasa mzima hakuna namba isiyoishia na 0 au 5. Mwandiko umenyooka, karatasi nyeupe pe. Aliyetambaa tangini huacha alama ya kidole chenye vumbi, na pale hapakuwa na hata moja. Nikashuka na kipimo changu. Nyuma ya taruma, ule ubavu wa chuma unaoshikilia bati, milimita 15 hivi kutoka ukingo wa tundu la kupitishia maji: 190. Nikasogea kidogo: 210. Hatua moja kutoka pale, kwenye bati tambarare: 360. Rangi mbichi huukimbia ukingo mkali. Ndiyo sababu kingo husagwa ziwe mviringo, kisha hupigwa rangi kwa brashi kabla ya kupuliziwa kwa bomba. Kutu huanzia hapo, si katikati ya bati.

Kipimo kinachotunza saa kingemsuta yule bwana mara moja. Tangi linalotaka nusu siku kutambaa halipimwi kwa dakika tatu.

Mchangiaji, msimamizi wa wapakaji rangi

Mkuu, nakuelewa, lakini mashine haijui imewekwa wapi. Mvivu atasimama penye bati zuri, apige vipimo 60 taratibu, na saa itampa haki. Ndani ya chuma hakuna satelaiti ya kusema alikuwa kona gani. Halafu kuna mvuke wa thina: kifaa kisichothibitishwa kuwa hakitoi cheche hakiruhusiwi humo. La mwisho ndilo linaloniuma. Meli inaishi miaka 25. Nimeona karatasi za mwaka wa kwanza zikisomeka baada ya miaka 20. Programu ya leo nani ataifungua wakati huo?

Mleta mada

La mahali umenishika, na nashukuru umelisema wewe unayejua wanavyofanya. Kwetu tulianza kutumia chaki: namba ya taruma inaandikwa kwenye chuma karibu na sehemu inayopimwa, kisha inapigwa picha moja inayoonyesha chaki na kioo cha kipimo kikiwa bado juu ya rangi. Udanganyifu haujaisha, lakini sasa mtu anayetaka kudanganya inabidi atambae hadi huko, na akishafika huko, kupima kweli ni kazi ndogo zaidi.

Kuhusu mvuke, tuwe wakali kuliko hata wewe. Wakati bomba linapiga, kishikwambi cha kawaida kibaki nje. Unene wa rangi mbichi upimwe kwa kitana cha chuma na uandikwe kwa mkono. Unene wa rangi kavu hupimwa baadaye, na tangi linatakiwa liwe limepulizwa hewa na gesi imepimwa kabla ya mtu kushuka. Kwa hiyo daftari halifi, linabaki na sehemu yake.

Na hiyo miaka 25 ndiyo hasa iliyonileta hapa. Namba zitolewe kama jedwali la maandishi matupu ambalo kompyuta yoyote inalisoma, na nakala iliyochapishwa iingie kwenye faili siku ya kukabidhi meli.

Mchangiaji, upande wa kampuni za rangi

Anayetoa dhamana ya rangi ni kampuni. Kwa nini isitunze data? Namba ghafi mikononi mwa asiyejua ni hatari. Wakili ataokota kipimo kimoja kibaya kati ya elfu mbili akafungue kesi.

Mleta mada

Ndugu, kampuni itunze nakala, hakuna anayeinyima. Ninachokataa ni iwe na nakala pekee. Kabla ya kazi, mjenzi, mwenye meli na mtengenezaji wa rangi hutia saini makubaliano ya ukaguzi, na kila mmoja ana chake cha kulinda. Atakayedaiwa hawezi kuwa mtunzaji pekee wa ushahidi.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Meli niliyowahi kuisimamia ilianza kutoa malengelenge mwaka wa nne, kwenye mishono ya kuchomelea. Tukaomba vipimo. Tukajibiwa kwamba leseni ya programu ilishakwisha, tukatumiwa muhtasari wa kurasa mbili. Kila eneo lina wastani wake tu, na eneo letu liliandikwa mikroni 348. Nzuri kabisa kwa macho. Sasa chukua vipimo kumi: tisa ni 370, kimoja ni 150. Wastani wake ni 348. Kile cha 150 kinaangusha eneo zima kwa mujibu wa kiwango, na mwenye kusoma muhtasari hatajua kiliwahi kuwepo. Sikuweza kuthibitisha kama kwetu ilikuwa hivyo. Matangi yakapigwa mchanga upya chelezoni, gharama akabeba mwenye meli.

Kuhusu wakili: kipimo cha 270 kilichoonekana siku ile ile kinarekebishwa kwa brashi asubuhi, na rekodi inaonyesha 270 kisha 335 baada ya marekebisho. Hiyo inamlinda mpakaji kuliko ukurasa uliojaa 330.

Sasa naomba wakaguzi na wenye meli mnijibu hili moja: mkataba wenu wa mwisho ulisema namba ghafi ni za nani, na zikabidhiwe lini? Kama kifungu kipo, kinakili hapa bila majina, tukione.