Mbunge, zuio la mahakama na kinga ya bunge: je, Catherine Murphy wa Ireland alikuwa na haki?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo lililotokea Ireland mwaka 2015, ambalo hadi leo wanaofuatilia mabunge hawajaafikiana juu yake. Mbunge wa upinzani akiwa na taarifa ambayo mahakama imezuia isitangazwe, je, ana haki ya kuisoma bungeni kwa kuwa kinga ya bunge inamlinda? Mimi nasema anayo, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo nitakalolitetea hapa.

Kwa wasiokijua kisa chenyewe: Anglo Irish Bank ilitaifishwa Januari 2009 baada ya kuporomoka, baadaye ikaitwa IBRC (Irish Bank Resolution Corporation), na hasara zake zikawa mzigo wa mlipa kodi. Mwaka 2012 benki hiyo iliridhia kampuni ya Siteserv, iliyokuwa mdaiwa wake mkubwa, iuzwe kwa euro milioni 45 kwa kampuni ya mfanyabiashara Denis O'Brien. Katika mauzo hayo benki ilifuta deni la zaidi ya euro milioni 100, ilhali wanahisa wa Siteserv, ambao kwa kawaida huwa wa mwisho kufikiriwa kampuni inaposhindwa kulipa madeni, waligawiwa takribani euro milioni 5. Mwananchi aliyekuwa amekatwa mshahara ili kuziokoa benki alikuwa na kila sababu ya kuuliza hesabu hiyo ilipigwaje.

Catherine Murphy, wakati huo mbunge huru wa Kildare North, hakuanza na hotuba. Alianza na maswali ya maandishi kwa Waziri wa Fedha, Michael Noonan. Katika Dáil, yaani baraza la chini la bunge la Ireland, swali la maandishi halina makofi wala kamera: mbunge anaandika, wizara inajibu, na jibu linaingia katika kumbukumbu rasmi. Jibu likikwepa kiini, mbunge anageuza maneno na kuuliza tena. Ni kazi ya kuchosha, na kwa maoni yangu ndiyo kazi hasa ya upinzani kuliko zile dakika chache za kumvaa Waziri Mkuu ambazo hurushwa kwenye taarifa ya habari ya jioni. Alipoona majibu hayamtoshi, Murphy alitumia sheria ya uhuru wa habari, na Aprili 2015 nyaraka alizopata zilionyesha kwamba maofisa wa Wizara ya Fedha wenyewe walikuwa na wasiwasi kuhusu baadhi ya miamala ya IBRC, ule wa Siteserv ukiwemo.

Mwezi uliofuata O'Brien alipata zuio la Mahakama Kuu dhidi ya shirika la utangazaji la RTÉ, lisitangaze habari za mikopo yake katika benki hiyo. Alhamisi ya tarehe 28 Mei, Murphy alisimama kuwasilisha muswada wa kurekebisha sheria ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na katika maelezo yake akadai kwamba O'Brien alikuwa akitozwa riba ya takribani asilimia 1.25 wakati benki ingeweza kumtoza asilimia 7.5. O'Brien alipinga usahihi wa madai yake. Likafuata jambo ambalo sijawahi kuliona kwingine: hotuba ilikuwa wazi katika kumbukumbu za bunge, kila mwenye simu aliweza kuisoma, lakini RTÉ na gazeti la The Irish Times walihofia kuitangaza kabla ya kurudi mahakamani. Jumanne ya tarehe 2 Juni, Jaji Donald Binchy alieleza kwamba amri yake haikukusudiwa kuzuia kuripotiwa kwa yaliyosemwa bungeni.

Sharti langu basi ni hili. Kinga ya kusema inapata uhalali pale njia za kawaida zilipokwisha kutumika, na Murphy alikuwa amezitumia. Mbunge asiyeuliza swali hata moja, anayefunguliwa kinywa na bahasha aliyopewa asubuhi, simtetei.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umelipita swali gumu zaidi. Uhusiano wa mteja na benki yake ni wa siri, na siri hiyo haikufutika siku serikali iliponunua benki. Kama ingefutika, basi kila mwenye mkopo katika benki ya umma angekuwa uchi mbele ya wabunge. Jaji alisikiliza pande zote mbili, akapima faragha na masilahi ya umma, akaamua. Siku chache baadaye mtu mmoja, ambaye hakuwa mhusika katika kesi, hakula kiapo na hakuulizwa maswali na wakili yeyote, alisimama na kulifanya zuio lisiwe na maana. Kwamba alikuwa ameuliza maswali mengi kabla ya hapo hakumwongezei O'Brien nafasi ya kujibu. Uvumilivu wa mbunge ni sifa yake yeye. Haki ya mtu wa nje hailindwi na sifa za mbunge.

Tena maswali yale yalihusu Siteserv, na hotuba ilihusu riba ya mkopo binafsi. Hayo ni mambo mawili.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingize upande wa sheria, maana hapa kuna mchanganyiko wa yaliyo halali na yaliyo ya busara. Katiba ya Ireland ya mwaka 1937, ibara ya 15, inasema matamshi yaliyotolewa katika mabaraza ya bunge yana kinga popote yatakapochapishwa, na kwamba mbunge hawajibiki kwa matamshi hayo mbele ya mahakama yoyote wala mamlaka yoyote isipokuwa baraza lenyewe. Tunaofahamu ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania tutaitambua sura yake, kwa kuwa zote zimetoka katika shina moja la Westminster, yaani bunge la Uingereza.

O'Brien alilalamika kwa Kamati ya Kanuni na Haki za Bunge, ikaamua kwamba Murphy, pamoja na Pearse Doherty wa chama cha Sinn Féin aliyezungumza pia, hawakuvunja kanuni inayohusu mambo yaliyo mahakamani. Akaishtaki kamati. Alishindwa Mahakama Kuu mwaka 2017, na Machi 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Suala la uhalali limekwisha. Lakini siku chache tu kabla ya hukumu hiyo, mahakama ileile iliamua katika shauri la Angela Kerins, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Rehab, kwamba kinga si ukuta usiopenyeka: Kamati ya Hesabu za Serikali ilimwalika mwaka 2014 azungumzie mambo fulani, kisha ikamhoji nje kabisa ya mipaka yake, na mahakama ikaona inayo nafasi ya kusema hivyo. Tofauti ni kwamba katika shauri la Kerins ilitazamwa mienendo ya kamati nzima, wala si tamko la mbunge mmoja.

Mleta mada

Namshukuru mchangiaji wa pili. Kwa mchangiaji wa kwanza nina majibu mawili. Riba na Siteserv si mambo mawili yaliyotengana, kwa kuwa swali lililokuwa mezani ni jinsi benki ya umma ilivyowatendea wadaiwa wake wakubwa; ndiyo maana hotuba ilitolewa ndani ya muswada wa kumpa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kuichunguza IBRC, haikuchomekwa katika mjadala wa kilimo. La pili ni matokeo. Juni 2015 serikali ya Waziri Mkuu Enda Kenny iliunda tume ya uchunguzi iliyotarajiwa kumaliza kabla mwaka haujaisha. Haikuwezekana: jaji wa kwanza aliachia ngazi, Jaji Brian Cregan akashika nafasi, mwaka 2016 ikabidi itungwe sheria maalumu kuiongezea nguvu, na ripoti ikatoka 2022. Ilisema IBRC iliridhia mauzo kwa kutegemea taarifa pungufu na za kupotosha ilizopewa na upande wa Siteserv. Hilo halimgusi O'Brien kwa kosa, na nisingependa mtu alisome hivyo. Linaonyesha tu kwamba aliyeuliza alikuwa anauliza kitu cha kweli.

Mchangiaji wa kwanza

Uchunguzi wa miaka 7, kwa mamilioni ya euro, kuhusu muamala mmoja, nao umeegemea Siteserv. Kuhusu riba aliyoitaja bungeni, je, tume ilitupa nini? Nabaki hapo nilipo. Nami nakuuliza: sharti lako litapimwa na nani? Ukimpa Spika, umewapa wenye kura nyingi ufunguo wa kinywa cha upinzani. Aprili 2025 tumeona Dáil hiyohiyo ikipiga kura ya kutokuwa na imani na Spika Verona Murphy kwa sababu ya ugomvi wa nani asemee upande gani, akaponea kwa kura 96 dhidi ya 71, serikali na washirika wake wakimlinda. Huyo ndiye atakayeamua kama mbunge wa upinzani ameuliza maswali ya kutosha?

Mleta mada

La, simpi Spika. Nikimpa, hoja yangu inajiua yenyewe. Maswali ya maandishi yana tarehe, yana jina la aliyeuliza na jibu la waziri chini yake, na yeyote anaweza kuyafungua akayasoma kwa mfuatano: mwandishi wa habari, mpiga kura wa Kildare, hata yule aliyetajwa. Mbunge akitaja jina la mtu binafsi bila kuwa na mfululizo huo nyuma yake, itaonekana, na ataulizwa na vyombo vya habari na wapiga kura, ambao hawahitaji kanuni mpya ili kumuuliza.

Kuhusu riba nakubaliana nawe kwamba tume haikuifikia, wala miamala mingine mingi iliyokuwa katika hadidu zake za rejea. Wa kuulizwa sababu ni serikali iliyoiunda na kuipangia muda.