Mrejesho: mama na vidonge vya presha

Assalaam alaykum. Niliwauliza kwa nini mama, yuko Wete, anaacha vidonge vya presha kila akijisikia mzima. Ahsanteni mlionambia nimdadisi taratibu badala ya kumgombeza.

Kumbe uzima ulikuwa kisingizio tu. Miguu ikimvimba, makubadhi hayamwingii, na jirani keshamtia hofu kuwa dawa inamla figo. Basi akinyamaza, daktari asije akamuona mkaidi! Kapimwa damu na mkojo, figo salama. Uvimbe ni wa amlodipini, kidonge chake cha presha, huvimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ikiwa kubwa. Kapunguziwa kutoka miligramu 10 hadi 5, kaongezewa losatani, dawa nyengine ya presha.

Sasa anameza akimaliza kusali alfajiri, karatasi ya vidonge iko juu ya msala. Majani ya mstafeli, dawa ya kienyeji ya presha, ndiyo tunavutana bado. Daktari kayakataza, yeye anayataka.