Chakula cha mtaani Bangkok: ulikula wapi, ulilipa ngapi? Tupeane uzoefu

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo (Dar)

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu tuko wengi tunaopita Bangkok: wa nguo, wa mawe, wanaosindikiza wagonjwa, wanafunzi. Kila nikirudi kuna mtu ananiuliza pembeni, "Kule unakula nini, na hawakupigi bei?" Nimeona tuyaweke pamoja. Kila mtu aseme alikula wapi, alilipa ngapi, na alijuaje kuwa pale ni pazuri. Naanza mimi.

Safari ya kwanza nilikaa Pratunam, mtaa wa masoko ya nguo, siku sita nikila mkate na ndizi za dukani. Niliogopa tumbo, niliogopa nguruwe, niliogopa kulanguliwa. Asubuhi ya mwisho nasubiri mzigo ufungwe, ndiyo kwanza saa kumi na mbili, nikawaona vijana wanaosukuma marobota wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya njia, wameinamia sahani, hakuna anayeongea. Njaa ikanishinda, nikakaa. Sikujua kuagiza, nikanyoosha kidole kwenye sahani ya jirani.

Nikaletewa wali uliopikwa kwa supu ya kuku, juu yake kuku wa kuchemsha, pembeni matango, kibakuli cha supu na kisahani cha mchuzi wa tangawizi na pilipili. Wao wanaita khao man gai. Mzee anayekata kuku alikuwa na kigogo cha duara kilichobonyea katikati kwa kupigwa panga miaka na miaka. Anashusha panga mara saba au nane, anapitisha ubapa chini ya nyama, anaihamishia juu ya wali nzima nzima, hakuna kipande kinachohama. Baht 50, pesa ya Thailand. Na yule kijana wa marobota aliyenitangulia kulipa alitoa 50 hiyo hiyo, nilimwona kwa macho yangu.

Tangu siku ile nasema hivi: kwenye chakula cha Bangkok bei ya haki haitafutwi kwa kubishana, inatafutwa kwa kuchagua pa kukaa. Mkokoteni wa chakula si duka la nguo, huombi kupunguziwa. Ukikaa walipokaa watu wa kazi, bei ni moja kwa wote. Mimi nawatazama bodaboda wao, wale wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Wanapoegesha pikipiki nyingi saa sita mchana, nami naegesha hapo.

Hapo hapo Pratunam kuna khao man gai yenye jina kubwa, wahudumu wake wanavaa mashati ya waridi, foleni hadi barabarani. Nimekula, ni tamu, na bei haijapanda mawinguni kwa sababu ya umaarufu. Ila mzee wangu wa kigogo sitambadilisha.

Binti Kisauni (Mombasa)

Ahsante kaka kwa kuanzisha. Mimi nilimpeleka mama kwa matibabu, tukakaa wiki tatu. Kwa sisi Waislamu swali la kwanza si bei, ni halali. Wiki ya kwanza tulikula kantini ya hospitali. Mama hakukipenda chakula kile, na pesa zilikuwa zikiisha upesi.

Mhudumu mmoja wa usafi, mama mwenye mtandio, ndiye aliyetuelekeza Ban Krua. Ni mtaa wa zamani wa Waislamu kando ya mfereji wa Saen Saep, nyuma ya Barabara ya Phetchaburi, wenyeji wake asili ni Wacham kutoka pande za Kambodia na Vietnam. Ndio waliokuwa wakimfumia hariri yule mfanyabiashara Mmarekani Jim Thompson, na nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji mpaka leo. Ukishuka treni ya juu kituo cha Ratchathewi, tembea mpaka Phetchaburi Soi 7. Soi ni kichochoro. Kuna msikiti, Darul Aman, na kuanzia hapo ni vyakula mfululizo pande zote mbili.

Pale mama yangu alikula khao mok gai. Mtu wa Pwani akiiona tu anaijua, ni ndugu wa biriani. Wali wa manjano umepikwa na kuku, juu vitunguu vya kukaanga vikavu, na badala ya kachumbari unapewa mchuzi wa kijani wa nanaa na pilipili, mtamu na mchachu pamoja. Mama alikuwa hajamaliza sahani tangu tutoke Mombasa. Siku ile alimaliza, akafuta na kidole. Niligeukia upande nisimwoneshe machozi. Tulilipa baht 60, kama shilingi 240 za Kenya, na muuzaji alipojua mama ni mgonjwa akamwongezea supu bila kuombwa.

Sasa ya kuzingatia. Usitosheke na kuona "kuku" ukadhani umesalimika. Kikaango kile kile kimetoka kukaangia nguruwe, na mafuta yenyewe yanaweza kuwa ya nguruwe. Tambi za mashua, zile za vibakuli vidogo karibu na Mnara wa Ushindi, mchuzi wake huwa unatiwa damu. Tafuta alama ya halali, herufi za Kiarabu ndani ya umbo la almasi, au mwezi na nyota kwenye mkokoteni. Vibendera vya njano vyenye maandishi mekundu ni vya chakula kisicho na nyama kabisa, wanakiita jay. Nacho kiliniokoa siku nyingi tulipokuwa mbali na Ban Krua.

Kijana wa Nyakato

Mimi ndiyo naenda mwezi ujao kwa mara ya kwanza. Pilipili vipi? Nina vidonda vya tumbo.

Dalali wa Mawe (Arusha)

Kijana, kariri maneno mawili: "mai phet", bila pilipili. Ukisema "phet nit noi", kidogo tu, kipimo chao cha kidogo si chetu. Ile pilipili ndogo yao ni kama pilipili kichaa yetu, wao wanaiita kwa jina la mavi ya panya kwa udogo wake, na inachoma hasa. Kwa vidonda, kaa na khao man gai ya mkuu hapo juu, mchuzi uweke pembeni. Au uji wa wali, jok, ila sema "mai sai mu", usiweke nguruwe, maana wenyewe huweka vidonge vya nyama yake. Mwanaume malizia na "khrap", mwanamke "kha". Ukiacha hilo neno la mwisho unasikika mkavu.

Mimi ni mtu wa tanzanaiti, nazunguka Silom na Mahesak, ofisi za mawe ziko huko na Waafrika tuko wengi. Asubuhi nenda Silom Soi 20. Barabara inajaa meza toka alfajiri: samaki, mboga, mchuzi wa tui uliokwisha kupikwa. Ndani ya soi ile ile kuna msikiti wa Mirasuddeen, kwa hiyo chakula halali hakikosekani jirani, Ijumaa hasa.

Pale pana mama wa som tam namfuata mwaka wa nane sasa. Ni papai bichi limechanwa nyuzi nyembamba, linatwangwa. Kinu chake ni cha udongo, kirefu, mchi wa mti, na mkono wa pili una kijiko: mchi unashuka, kijiko kinageuza, mchi unashuka, kijiko kinageuza. Vitunguu saumu na pilipili kwanza, kisha sukari ya mnazi, ndimu, maji ya samaki, maharage marefu, nyanya, karanga, papai mwisho. Hatwangi kwa nguvu, anaponda tu nyuzi zilainike zinywe ndimu. Halafu anachovya kijiko anakupa uonje kabla hajapakua. Ukisema ndimu haijakolea anaongeza. Baht 50, na kikapu kidogo cha wali wa kunata baht 10. Ni chakula cha watu wa Isan, kaskazini mashariki, ndio wengi wanaofanya kazi ngumu mjini pale, ndiyo maana bei yake haiwezi kuruka ovyo.

Niliumia mara moja tu. Mwenye bajaji alitupeleka mimi na mteja wangu kwenye mgahawa wa samaki, akasema ni wa ndugu yake. Menyu ilikuwa na picha na bei, tukaona nafuu. Bili ilipokuja tukaelezwa kuwa ile bei ni ya gramu mia, na samaki alikuwa kilo na zaidi. Tulilipa, kwa kuwa tulikuwa tumeshakula. Kwa hiyo: samaki na kamba, uliza bei ya mzima na apimwe mbele yako kabla hajaingia motoni. Na asiyekula mahali hapo mwenyewe asikuchagulie pa kula.

Umm Salim (Maskati)

Assalaam alaykum. Niongeze la wenye watoto, maana ndugu zangu mnaongea kama kila mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki barabarani na joto lile.

Sisi huenda kila kiangazi, na jamaa zetu wengi hapa Oman hufikia Nana, Sukhumvit Soi 3, mtaa wa Waarabu. Chakula cha Nana ni kizuri, sikatai, lakini ni wali na mishikaki ile ile tuliyoiacha nyumbani, kwa bei ya juu. Siku hizi watoto nawapeleka kwenye mabanda ya chakula ya ndani ya maduka makubwa. La Terminal 21 pale Asok, ghorofa ya juu, unanunua kadi, unatia pesa, kila kibanda bei imeandikwa, salio unarudishiwa. Vibanda vingi sahani haizidi baht 50 au 60. Kibanda cha Waislamu kwa kawaida kipo, na vyombo vyake vimetengwa. Nawaambieni kweli, usiku ule ule mume wangu alilipa mara kumi ya hapo Nana.

Kitu kimoja cha mtaani siachi: khanom krok. Mara ya kwanza nilisimama nikacheka kwa furaha, mwanangu akaniuliza kulikoni. Ni vitumbua! Chuma kile kile cha mashimo, unga wa mchele na tui, kinafunikwa. Tofauti ni kwamba wao wanamimina mara mbili: kwanza uji mwepesi unaoshika pembeni na kukauka, halafu tui zito lenye sukari na chumvi kidogo, juu mahindi au majani ya kitunguu. Havigeuzwi. Wanavichokoa na kijiko nusu nusu, wanafunika kimoja juu ya kingine. Nje vinavunjika, ndani ni laini kama maziwa. Bibi yangu aliyekuwa akipika vitumbua Mkunazini angekaa na yule mwanamke siku nzima. Kula vikiwa vya moto, lakini subiri kidogo, ndani vinaunguza ulimi.

Na embe na wali wa kunata: liwe tunda la msimu, Machi hadi Mei. Nje ya hapo utalipa zaidi kwa embe lisilo na ladha.

Mrundi wa Ramkhamhaeng

Nasoma hapa, mwaka wa tatu. Wageni wanapita khao kaeng bila kuitazama, na ndiyo inayotulisha wanafunzi. Ni meza yenye sinia na sufuria kumi, kumi na tano, kila moja na mchuzi wake. Unaonesha kidole: aina moja na wali baht 40, mbili 50, kwa mitaa yetu. Nenda saa tano hadi saa saba. Jioni vilivyobaki vimekaa kutwa, viache.

Ramkhamhaeng tuko mbali na watalii, na Waislamu kutoka kusini ni wengi mno, hivyo roti, mchuzi wa massaman na kuku wa kukaanga halali viko kila kona, hadi usiku.

Kuhusu barafu: ile yenye tundu katikati inatoka kiwandani, sijawahi kuugua nayo. Tembea na noti ndogo. Wenyeji wengi wanalipa kwa simu, na mama wa mkokoteni ukimpa noti ya 1,000 kwa sahani ya 50 unampa shida ya chenji.

Halafu maelekezo ya zamani yaangalieni vizuri. Utawala wa jiji umekuwa ukiwaondoa wachuuzi barabarani, kuanzia miaka ya 2016 na 2017 hasa, na mitaa iliyosifiwa sana mingine imebaki na vibanda vichache. Wengi hawakupotea, wamehamia vichochoroni au viwanja vya jirani. Ukifika hukuti mtu, uliza bodaboda.

Kijana wa Nyakato

Nashukuru sana wakubwa, nimeandika yote. Kuna yule bibi maarufu wa omleti ya kaa, Jay Fai, mwenye nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora. Inafaa?

Dalali wa Mawe (Arusha)

Omleti moja inapita baht 1,000 na foleni ni saa kadhaa. Ni fundi kweli, anapika mwenyewe juu ya mkaa amevaa miwani mikubwa ya kukinga mafuta, na heshima yake ameitolea jasho. Ila kwa safari ya kwanza na pesa ya kuhesabu, hiyo omleti ni som tam ishirini za mama yangu wa Soi 20.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo (Dar)

Binti Kisauni, mama anaendeleaje? Na huyo wa khao mok gai alisimama upande gani? Nalala Pratunam, ni karibu.

Binti Kisauni (Mombasa)

Mama alhamdulillahi, anatembea mwenyewe sasa. Ukiingia Soi 7 pita msikiti, mkokoteni wenye sufuria kubwa ya aluminiamu iliyofungwa kitambaa cha kijani kwenye mfuniko. Kufika saa saba ushachelewa. Ukimkuta mwambie yule mama wa Kenya aliyempa supu anamsalimia, na umwoneshe picha, nitakutumia faraghani.